Tangi la Ukumbini Lisimwagwe, Wala Lisisafishwe kwa Siku Moja



Tangu muhula huu uanze zimezuka kambi mbili kuhusu tangi la maji ya chumvi lililopo kwenye ukumbi wa chini, pale tunapokutana Jumatano jioni. Kambi ya kwanza inasema limekuwa aibu. Kioo kimevaa mwani, maji yamepiga umanjano kama chai ya rangi iliyopoa, na ukiinua kifuniko unapata harufu ya pwani wakati maji yametoka na jua limeshachoma majani. Limwagwe, wanasema, na mahali pake pawekwe kabati la vitabu. Kambi ya pili ina huruma zaidi, lakini ina haraka: iitwe kampuni, asubuhi maji yote yatolewe, mawe yasuguliwe, mchanga uoshwe, yatiwe maji mapya, na jioni samaki warudi kwenye nyumba inayong'aa.

Sisi tunaoandika makala haya hatumo katika kambi yoyote kati ya hizo. Tunasema tangi lisimwagwe, na tunasema pia lisisafishwe kwa siku moja. Kati ya mapendekezo hayo mawili, la pili ndilo linalotutia hofu zaidi, kwa sababu linafanana na wema na wengi wataliunga mkono.

Humo ndani bado mna uhai mwingi kuliko unavyoonekana ukipita mbio na begi mgongoni. Kuna samaki wawili wadogo wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe, wameshika kona moja kama wapangaji wa siku nyingi. Kuna konokono, na kaa wadogo wanaoishi ndani ya magamba ya konokono waliokufa. Kuna matumbawe laini yaliyojikunja, na tumbawe gumu moja la ukubwa wa ngumi, ambalo nusu yake imekufa na kufunikwa na mwani, na nusu ya pili bado ina rangi. Kisha ndani ya mawe na mchanga kuna minyoo na bakteria wasiohesabika. Hao ndio wanaofanya kazi ya nyumba nzima, na kwa kuwa hawaonekani hakuna anayewatetea.

Tangi likijaa ni la lita 300. Aliyekuwa akilitunza alistaafu, na baada yake kazi haikukabidhiwa kwa mtu. Taa zinajiwasha na kujizima, pampu inazunguka yenyewe, kwa hiyo ikaonekana kana kwamba tangi linajiendesha. Kulisha, kila mtu alilisha: mwanafunzi aliyesubiri rafiki yake, mgeni aliyekuja na watoto, mama wa usafi wa jioni aliyewaonea samaki huruma. Maji yaliposhuka sana kuna aliyejaza kwa maji ya bomba. Walishaji walikuwa wengi; wa kutoa uchafu hakuwepo hata mmoja.

Kabla ya kuendelea kubishana, tulipima. Kwa wiki mbili tulipima mara tatu kwa vifaa tulivyoazimwa na maabara ya biolojia, na majibu hayakutofautiana sana. Chumvi ni 39 kwa elfu, wakati bahari kwa kawaida ina kama 35. Nitrati ni miligramu 90 kwa lita. Fosfati ni 0.6. Kipimo cha pH kimeshuka hadi 7.7, na kwenye bahari ni kama 8.1 au 8.2. Kalsiamu, ambayo matumbawe magumu huitumia kujenga mifupa yao, ni 340 badala ya 400 na kitu. Na kuna amonia kidogo, 0.2, ambayo kwenye tangi lenye afya haitakiwi kuonekana kabisa.

Namba hizi zinasomeka kama barua. Chakula kinachotupwa ndani na kinyesi cha samaki huoza na kutoa amonia, ambayo ni sumu. Bakteria wa kwenye mawe huigeuza kuwa nitriti, nayo ni sumu, kisha wengine huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo sumu yake ni ndogo. Hapo kazi karibu inakwama. Baharini nitrati huchukuliwa na mwani, na mkondo huitawanya. Kwenye sanduku la kioo hujilimbikiza mpaka mtu aitoe kwa ndoo. Kazi hiyohiyo ya bakteria huacha asidi, na asidi hula akiba ya ualkali inayozuia pH isishuke. Kwa hiyo pH ya 7.7 na nitrati ya 90 ni hadithi moja iliyosimuliwa mara mbili. Na fosfati? Hiyo imekaa ndani ya mawe na mchanga wa chokaa, kama vumbi lililokaa ndani ya godoro. Ukiitoa kwenye maji leo, kesho mawe yanaitoa tena.

Sasa tazameni kitakachotokea siku ya kampuni. Maji mapya ya chumvi yana pH kama 8.2. Amonia ina sura mbili: moja samaki anaweza kuivumilia, nyingine inapenya mashavuni na kumuua, na kinachoamua ipi iwe nyingi zaidi ni pH. Kutoka 7.7 hadi 8.2 ile sura ya sumu huongezeka karibu mara tatu. Wakati huohuo mchanga umechokorwa na ule uvundo uliojizika humo, pamoja na amonia yake na gesi ile inayonuka kama yai bovu, umetoka wote kwa pamoja. Mawe yamesuguliwa kwa maji ya bomba yenye klorini, kwa hiyo bakteria waliokuwa wageuze amonia wamekufa, nao wanaanza kuoza na kuongeza amonia nyingine. Chumvi imeshuka kutoka 39 hadi 35 kwa saa moja, jambo ambalo konokono na matumbawe hawana ngozi ya kulihimili. Jioni tangi litang'aa kweli. Itakuwa ni maiti iliyooshwa.

Kuna jambo jingine ambalo lazima lisemwe wazi kwa sababu linahusu watu. Miongoni mwa matumbawe laini ya namna hii, yale yanayoota kama vifungo vya shati juu ya mwamba, wamo wenye sumu kali sana iitwayo palitoksini. Mtu akichemsha mawe yake, au akiyamwagia maji ya moto, au akiyasugua kwa brashi mpaka yatoe mvuke na matone, sumu hiyo huingia machoni na mapafuni. Hapa Uingereza na huko Marekani wapo watu, na hata familia nzima, waliolazwa hospitalini baada ya kusafisha matangi yao nyumbani. Tulimsikia mtu akipendekeza mawe yachemshwe kwenye sufuria kubwa ya jikoni la ghorofa ya pili. Tafadhali, asifanye hivyo mtu yeyote. Atakayetia mkono ndani avae glavu na miwani ya maabara, na mwenye kidonda mkononi aache kabisa.

Tunachopendekeza sisi hakina mvuto, na ndiyo maana hakitangazwi na wenye maduka. Kwanza, chumvi. Kina kimeshuka kama vidole vitatu, maana maji yanapofuka chumvi hubaki nyuma. Ndani mna lita kama 270. Zilizopungua ni lita 30, na tukiongeza lita 3 tu kila siku, maji matupu yaliyochujwa, siku ya kumi chumvi itakuwa imefika 35 bila mnyama yeyote kushtuka. Hiyo ni jagi moja na nusu kwa siku. Baada ya hapo jagi liendelee kila siku kwa kiasi kinachofuka, na siku zote maji ya kujazia yawe matupu, yasiwe ya chumvi.

Tukisisitiza maji yaliyochujwa, wengine wanauliza: maji ya bomba tunayoyanywa yana kosa gani? Kwetu sisi, hayana. Lakini sheria ya hapa inaruhusu maji ya kunywa yawe na nitrati mpaka miligramu 50 kwa lita, na makampuni ya maji huongeza fosfati kwa makusudi ili risasi isiyeyuke kutoka kwenye mabomba ya zamani. Kinachomlinda mtoto wa nyumba ya zamani ndicho kinacholisha mwani wa tangini. Aliyejaza kwa maji ya bomba alikuwa akitia mbolea pasipo kukusudia. Maabara imekubali kutupa maji yaliyochujwa ya kutosha kila wiki, na tunawashukuru.

Halafu kubadilisha maji: asilimia 15 kila wiki, yaani lita 45, ndoo tatu za lita 15. Tangi likishajazwa nitrati itakuwa kama 80. Fuateni hesabu. Wiki ya kwanza 80 inakuwa 68, ya pili 58, ya tano inakaribia 35, ya kumi ni 16. Kwa kweli itabaki juu kidogo, kwa sababu samaki wataendelea kula na kunya. Lakini wiki kumi ni muhula mmoja wa hapa, na muhula mmoja kwa uchafu wa miaka ni bei nafuu. Ualkali na kalsiamu vitapanda vyenyewe kwa sababu chumvi ya dukani inavyo. pH nayo itafuata polepole, na kwa mwendo huo bakteria watapata nafasi ya kuimaliza ile amonia kabla haijageuka kuwa mauaji.

Chakula kiwe mara moja kwa siku, kile ambacho samaki wawili wanakimaliza kwa dakika mbili. Boksi la chakula litatiwa kufuli. Tunaomba radhi kwa watoto wa wageni. Taa zipunguzwe kutoka saa 12 hadi 8. Ile mashine ya povu iliyo nyuma ya tangi, ambayo hupuliza vipovu ili uchafu ung'ang'anie na kupanda nao hadi kwenye kikombe, imekuwa ikinguruma bure kwa sababu kikombe kimejaa pomoni na mdomo wa hewa umezibwa na chumvi. Tuliifungua, ni kazi ya robo saa. Sponji zisuuzwe ndani ya ndoo ya maji yaliyotolewa tangini, kamwe si bombani. Mchanga unyonywe kwa bomba la plastiki kipande kimoja kila wiki, tuseme moja ya nane, kingine kisubiri zamu yake. Na mwani ung'olewe kwa mkono na kutolewa nje. Wenzetu waliokulia karibu na Paje na Jambiani wanajua mwani ni mazao, na mazao hukua kwa kula kitu. Kila konzi ya mwani inayoingia kwenye ndoo inatoka na nitrati na fosfati yake. Ukiuacha ufie humohumo umerudisha deni dukani.

Dawa za chupa hatuzitaki. Zipo zinazoua mwani kwa siku tatu, na mwani wote uliokufa kwa siku tatu huoza kwa siku tatu. Zenye shaba huua konokono na kaa. Zipo pia chembe za kutia kwenye chujio ambazo hunyonya fosfati kwa haraka, nazo ni nzuri kwa kiasi kidogo baadaye, lakini si kwa tumbawe lililozoea 0.6 na ghafla likajikuta kwenye sifuri. Kwani sifuri yenyewe si shabaha. Matumbawe na vijimea vinavyoishi ndani yake vinahitaji kiasi kidogo cha nitrati na fosfati, na tangi lililonyang'anywa vyote huvamiwa na uteute wa kahawia ulio mgumu kuliko mwani wa kijani. Tukifika nitrati kati ya 5 na 15, na fosfati chini ya 0.1, tutatosheka. Na yule anayeshauri tununue kangaja ale mwani: kangaja atahitaji tangi kubwa kuliko hili, na anayekula mwani naye hunya.

Tumeulizwa pia, na si kwa utani, chama cha Kiswahili kinatafuta nini kwenye tangi la samaki. Swali ni la haki. Jibu letu la kwanza ni dogo: tuko pale kila wiki, hakuna kundi jingine linaloutumia ukumbi ule kwa mfululizo kama sisi. Jibu la pili linatoka nyumbani. Lugha hii ilikulia mbele ya mwamba. Watu waliouita upande wa mwezi ambao bahari husukuma kwa nguvu bamvua, na siku ambazo maji hayana nguvu ya kuingia wala kutoka wakaziita maji mafu, walikuwa wakieleza jambo ambalo wanafunzi wa biolojia hulisoma kwa michoro: mwamba huishi kwa kubadilishiwa maji. Kila siku maji hupwa na kujaa, takribani mara mbili. Tangi la ukumbini limekuwa katika maji mafu tangu mtunzaji wake aondoke. Ndoo tatu za kila wiki ndizo bamvua pekee litakalopata.

Jibu la tatu ni zito zaidi. Samaki na matumbawe ya mapambo ni biashara, na sehemu yake hutoka pwani yetu. Kenya huuza nje samaki wa matangi, wanaonaswa na wapiga mbizi mmoja mmoja. Huko Kuruwitu, Kilifi, wanakijiji walipoanzisha chama chao cha hifadhi mwaka 2003, miongoni mwa mambo yaliyowasukuma, pamoja na uvuvi uliopita kiasi, ni ukusanyaji holela wa samaki na matumbawe kwa ajili ya biashara hiyohiyo. Walitenga sehemu ya bahari yao isivuliwe, nao ni wavuvi. Miamba yenyewe ilikwishapata pigo: mwaka 1998 joto la bahari liliyafanya matumbawe ya Afrika Mashariki kupauka na kufa kwa wingi, na Aprili 2024 wanasayansi walitangaza tukio la nne la kupauka kwa matumbawe duniani kote. Matumbawe magumu yamo katika orodha ya pili ya mkataba wa CITES, na kuyavusha mpaka kunahitaji kibali.

Tunayasema haya kwa sababu mipango yote miwili, wa kumwaga na wa kampuni, una mstari mmoja uliojificha. Atakayemwaga atatupa viumbe waliokwisha kutolewa baharini. Atakayesafisha kwa siku moja atawaua, kisha ataagiza wengine ili ukumbi usibaki mtupu, na oda hiyo itafika mwisho wake kwenye mkono wa mtu aliye chini ya maji mahali fulani. Maji yakitengenezwa, hakuna cha kuagiza. Lile tumbawe lenye nusu hai linaweza kuurudia upande wake uliokufa, milimita kwa milimita. Litachukua miaka. Nani ana haraka?

Linalobaki ni gumu kuliko kemia yote hiyo, nalo ni watu. Mashine hazikuharibika, ratiba ndiyo iliyokufa. Tumepiga hesabu kwamba watu 12 wakigawanywa wawili wawili, kila jozi itashika wiki moja kati ya sita: jagi la kila siku, na saa moja ya ndoo Jumatano kabla ya mkutano. Wiki kumi za muhula si tatizo. Tatizo ni Krismasi, Pasaka, na miezi ile ya kiangazi ambapo wengi wetu tunarudi Muscat, Mombasa au kwa wazazi Leicester, na jengo linabaki na walinzi. Hapo ndipo tunapowageukia walimu wetu. Mnakaa mjini wakati sisi tumetawanyika, na mna funguo. Tunawaomba wawili kati yenu mkubali kushika jagi wakati wa likizo, na kututia mkononi ufunguo mmoja wa ziada kwa mwanachama atakayebaki.

Na kama hayo hayapatikani, tusijidanganye. Ikiwa mwisho wa mwezi huu orodha itakuwa haijafika majina 12, sisi wenyewe tutasimama kwenye mkutano na kupendekeza viumbe wote wapewe mtu au taasisi yenye tangi lililokomaa na mikono ya kulitunza, wahamishwe taratibu kabla ya baridi kuingia, na kabati la vitabu liletwe. Kuyaanza matengenezo na kuyaacha wiki ya nne ni kubaya kuliko kuwagawa. Mpango huo hatuupendi, lakini tunauheshimu kuliko ule wa siku moja.

Orodha imebandikwa upande wa kushoto wa tangi, na kalamu imefungwa kwa uzi. Ndoo tatu mpya zimenunuliwa, zimeandikwa "tangi tu", na hazijaonja sabuni. Asizichukue mtu kwa kudekia. Jumanne usiku tutakoroga chumvi, kilo moja na robo tatu hivi kwa lita 45, iyeyuke na kupata joto mpaka kesho yake. Jumatano saa kumi jioni ndoo ya kwanza inatoka. Glavu zipo za saizi tatu.